Shangazi na Mlango wa Kabati

Katika mwaka ambao Shangazi yangu alitimiza umri wa miaka minane, msimu wa vimbunga uliwahi kuingia na ukachelewa kuondoka. Watu wa rika lake, wakiulizwa habari za mwaka ule, husimulia juu ya mabati yaliyopaa kama karatasi, na juu ya jeneza jipya la seremala lililokutwa limelala juu ya paa la shule. Shangazi hakuwa na habari na jeneza. Yeye alikumbuka blanketi. Katika nyumba yao lilibaki blanketi moja tu kavu, la kijivu, lenye ukingo mwekundu, na baba yao alimfunika nalo dada yake, kwa sababu dada alikuwa na kikohozi. Shangazi alipewa gunia.

"Mchana kutwa nilikaa nikijifundisha kukohoa," aliniambia miaka hamsini baadaye, tukiwa tumeshika shuka moja, yeye ncha mbili na mimi ncha mbili. "Nilikohoa mpaka koo likauma kweli. Kufikia hapo blanketi lilikuwa limekwisha kulowa."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kunja vizuri," alisema, "au toka nje."

Naandika habari zake kwa upendo, na kwa hiyo sina budi kusema wazi kwamba alikuwa mtu mwenye wivu. Wivu wake haukuwa wa makelele wala wa kuvunja vyombo. Ulikuwa wivu uliofuliwa, ukapigwa pasi, ukakunjwa pembe kwa pembe na kuwekwa rafuni, tayari kutumika siku yoyote.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, jengo refu la nyuma lenye mashine mbili kubwa, tangi la maji ya moto lililokoroma kama mzee, na meza ya kukunjia iliyoanzia mlangoni na kuishia dirishani. Kila shuka lilikuwa na namba ya wodi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Shuka lililokunjwa na Shangazi lilitambulikana hata gizani: ungepitisha kidole ukingoni usikute mahali palipozidi. Wenzake walimwita Dada Pembe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, wakati saa ya ukutani ya chumba kile ilipoharibika na fundi akaitwa.

Fundi Saa alikuwa mjane, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Alikuja Jumatatu. Akarudi Jumatano. Alipokuja mara ya tatu na kupanda ngazi ile ile, mama mmoja aliyekuwa akipiga pasi hakuweza kuvumilia.

"Dada Pembe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka juu ya ngazi, "saa ile haina ubovu. Ubovu uko kwa fundi."

Walioana baada ya miezi minne. Shangazi aliingia katika nyumba ya mumewe akiwa na sanduku moja, pasi nzito ya umeme, na mashuka sita mapya ambayo hayakuwa na namba ya wodi yoyote. Humo ndani aliwakuta watu wawili. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, mwenye miguu iliyovimba na ulimi usiovimba. Wa pili alikuwa binti wa mumewe, msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye hapa nitamwita Binti, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na wote. Binti alimpokea kwa adabu kamili. Alimwita Mama mdogo, jambo lililokuwa sahihi, na Shangazi aliona baridi ya usahihi ule.

Lakini mtu wa tatu ndiye aliyemkosesha raha. Marehemu, mke wa kwanza, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na bado hakuwa ameondoka. Makopo ya jikoni yalikuwa na mwandiko wake: CHUMVI, SUKARI, SI SUKARI. Vikombe vilining'inia vikielekea mlangoni. Shangazi alivigeuza vikaelekea dirishani. Kufikia Jumapili vilikuwa vimegeuka tena mlangoni, na Bibi alikuwa amekaa hapo karibu akichambua mchele kwa uso wa malaika. Hata jina la mume lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Marehemu alikuwa akimwita Baba Binti. Shangazi hakutaka kupita katika njia ya mwenzake, kwa hiyo alimwita Fundi, kama mteja.

Na katika mlango wa kabati la vyombo, kwa upande wa ndani, palikuwa na orodha.

Marehemu aliiandika kwa rangi nyeusi na brashi nyembamba baada ya kimbunga kikubwa cha mwisho, miaka tisa kabla ya Shangazi kuolewa. Siku ile Fundi Saa alikuwa amekwama karakanani na saa za watu, Binti alikuwa mtoto wa miaka sita, na Bibi alikuwa bado hajahamia hapo. Marehemu alipambana peke yake na maji yaliyofika magotini, na maji yalipotoka alitengeneza orodha ili asipate tabu hiyo tena. Mistari kumi na minne: nini kifanywe kwanza, nini kifuate, kitu gani kiwe wapi. Tangu hapo vilipita vimbunga vidogo tu, na jamaa waliisoma mara mbili au tatu kisha wakaacha, kwa kuwa orodha ilikuwepo na haikuwa na safari ya kwenda popote.

Shangazi aliisoma kila siku. Kila alipofungua kabati kutoa sahani, mistari kumi na minne ilimtazama. Aliisoma asubuhi akitoa vikombe na aliisoma mchana akirudisha bakuli, na alisoma kama mtu asomavyo barua aliyoandikiwa mumewe. Alijua ni wapi brashi ilikauka na ni herufi gani iliyopinda. Alijua kwamba mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi ndogo, karibu na bawaba, kwa kuwa nafasi ilikwisha.

Mwezi wa nne wa ndoa alitaka kuwa na kitu chake mwenyewe katika nyumba ile. Alimwita fundi mwashi amjengee karo la kufulia uani, la saruji, la kimo chake. Alichagua kona ya nyuma. Mwashi aliinama, akatazama, akauliza.

"Mama, hapa chini ya ukuta kuna tundu lenye kizibo. Tulifanyeje?"

"Jenga juu yake," Shangazi alisema.

Niliwahi kumuuliza kama wakati ule hakujua tundu lile lilikuwa la nini.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa ndio mstari wa kumi na nne."

Mwezi wa tano alipaka mlango wa mbele rangi ya kijani, na rangi ikabaki kidogo katika mkebe. Siku hiyo watu wote walikuwa nje. Alifungua kabati. Alipaka mlango wake kwa ndani mara mbili, na katikati ya mara ya kwanza na ya pili alikaa kitini akasubiri ukauke, kwa subira, kama mtu anayengoja shuka likauke. Jamaa waliporudi alisema kwamba aliona michirizi ya brashi ya zamani akadhani ni uchafu. Alisema hakugundua kwamba ni maandishi. Binti alikula amesimama wima jikoni kwa muda wa wiki nzima. Kisha maisha yakaendelea, kwa sababu hayana desturi ya kungoja.

Miezi miwili baadaye, siku ya Jumatatu, redio ilitangaza kwamba kimbunga cha daraja la nne kilikuwa njiani, na kwamba kingefika Jumatano karibu na saa sita mchana.

Jumanne asubuhi Fundi Saa alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua mlango, akasimama mbele ya kijani kitupu kama mtu aliyefika kwa rafiki yake akakuta amehama.

"Basi, tukumbuke," alisema mwishowe. "Binti, leta daftari."

Wakakaa mezani. Shangazi alibaki kizingitini, nyundo mkononi na misumari miwili katikati ya meno, akisikiliza.

"Maji kwanza," Fundi Saa alisema. "Pipa, madumu, hata sufuria. Kabla umeme haujakatwa."

"Mbao za madirisha," alisema Binti, akiandika. "Zina namba. Kuanzia upande wa upepo."

"Kuku bafuni!" Bibi alipiga meza. "Hilo nalikumbuka sana. Nilimwambia, mwanangu, kuku wakiingia bafuni mimi nitaogea wapi? Akaniambia, Mama, siku hiyo utaogeshwa na mbingu."

Wakacheka wote watatu, na katika kicheko kile palikuwa na wa nne. Dawa za Bibi ziwe mfukoni mwa mtu, si mezani. Saa za wateja zifungwe kwa nguo na kupandishwa juu. Vyeti ndani ya mfuko, mfuko ndani ya debe. Kila mstari uliporudi ulirudi na hadithi yake, na sauti yake, na namna Marehemu alivyoshika kiuno akisema. Shangazi aliniambia: "Nilimfuta mlangoni, akaja akavuta kiti mezani."

Alitema misumari mkononi akaenda kupigilia mbao.

Siku ile alifanya kazi ya watu watatu. Alishusha waya wa kuanikia nguo, akajaza pipa, akawafukuza kuku. Alichukua mashuka yake sita ya ndoa, akayalowesha na kuyasokota mpaka yakawa manene kama mapaja ya mtu, akayalaza chini ya milango ili maji na upepo visipate pa kupenya. Bibi alimwangalia kutoka kitini.

"Mkwe wangu, hilo mbona halimo katika orodha?"

"Halimo, Mama. Limo kichwani mwangu."

Fundi Saa alipanda juu akafunga paa kwa kamba. Aliposhuka, Shangazi alipanda nyuma yake, akafungua mafundo yote na kuyafunga upya. Fundi Saa alijifanya anasafisha miwani.

Jumatano saa moja unusu asubuhi mvua ilianza kupiga kwa mshazari. Madirisha yalikuwa yamezibwa, na taa ilikuwa imewashwa sebuleni kana kwamba ni jioni. Binti alikuwa amefungua daftari, anahesabu kwa kidole, kisha anaanza tena.

"Ni kumi na mitatu," alisema.

"Basi ndiyo hiyo," alisema baba yake.

"Ilikuwa kumi na minne, Baba. Wa mwisho uliandikwa kwa herufi ndogo, chini kabisa. Napaona mahali ulipokaa. Siyaoni maneno." Akahesabu mara ya tatu. "Nimeyasahau. Maneno ya Mama, na nimeyasahau."

Hakulia kwa sauti. Aliweka paji la uso juu ya daftari, akabaki hivyo.

Shangazi alikwenda mlango wa nyuma, akauchungulia ua kupitia ufa. Mtaa wa juu ulikuwa ukimwaga maji yake yote chini ya geti, maji ya kahawia yenye vijiti na kiatu kimoja cha mtoto. Ua ulikuwa umejaa mpaka vifundoni, na kuta zake nne hazikuwa na mahali pa kuyatolea. Kimbunga chenyewe kilikuwa bado saa nne na nusu. Alipiga hesabu haraka: maji yangefika kizingiti kabla ya saa tatu, mashuka yangeyazuia kwa muda mfupi, na baada ya hapo Bibi, ambaye hakuweza kupanda hata kiti, angekuwa amekaa ndani ya maji. Akiutaja mstari ule, watamjua kwamba ni mwongo. Asipoutaja, wote watazama pamoja katika uongo wake. Alisema kwamba alisimama pale kwa muda wa kutosha kukunja mashuka matatu.

Kisha alirudi sebuleni.

"Toa kizibo cha tundu la kona ya nyuma ya ua, karibu na ardhi," alisema. "Maji ya mtaa wa juu yote hupita kwetu. Msingoje yafike kizingitini."

Binti aliinua uso.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Ndiyo hayo." Kisha akasema, "Ulituambia hukuona maandishi."

"Niliyaona."

"Yote?"

"Yote. Nayajua kuliko sala zangu."

Fundi Saa alivua miwani. Bibi aliacha kutafuna. Nyumba ilikuwa ikipigwa na mvua pande zote, na Shangazi alingoja afukuzwe. Aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kufikiri ni nini atatia sandukuni.

"Hebu yaseme," alisema Binti. "Tangu mwanzo. Kama alivyoyaandika."

Shangazi aliweka mikono nyuma kama mtoto wa shule anayetamka katekisimu, akasema. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuruka neno na hakuongeza. Alitamka hata pale Marehemu alipoandika neno moja mara mbili kwa kusahau. Alipofika baada ya mstari wa tisa alisita.

"Hapo kuna mwingine usio na namba," alisema. "Umefutwa kwa mstari wa penseli."

"Unasemaje?" aliuliza Bibi.

"Kamba asifunge Baba Binti. Hufunga paa kama anafunga saa ya mkononi."

Fundi Saa alikohoa.

"Na ni nani aliyepiga mstari wa penseli?" aliuliza Bibi.

Mwanawe alikuwa akitazama dari kwa makini sana, kana kwamba amesikia kitu kinavuja. Bibi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na Binti, uso bado umelowa, akacheka naye kwa nguvu zaidi. Shangazi hakujua afanye nini na uso wake. Mwanamke yule alikuwa ameona yale yale aliyoyaona yeye juu ya paa siku iliyotangulia, na aliyaona kabla yake, na aliyasema vizuri zaidi.

"Tundu lenyewe liko wapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Chini ya karo langu."

Fundi Saa aliinuka, akanyoosha mkono apewe nyundo.

"Niachie," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyesema lijengwe."

Alitoka na nyundo na tindo, amejifunga turubai kichwani, maji yakimfikia katikati ya miguu. Saruji ya mwashi yule ilikuwa saruji ya kweli. Alipiga kwa nusu saa na zaidi, karo la kimo chake likimeguka vipande vipande, na Binti aliyekuja nyuma yake bila kuitwa alivichukua vipande hivyo kimoja kimoja akavirundika pembeni. Mwisho Shangazi alizamisha mkono ndani ya maji mpaka begani, akapapasa, akavuta. Kizibo kilikuwa kigogo cha mti kilichozungushiwa kitambaa na kufungwa kwa kamba, na baada ya miaka yote ile kamba ilikuwa bado imekaza.

"Fundo lilikuwa zuri," aliniambia. "Pembe kwa pembe. Nilikasirika sana."

Maji yalizunguka mara moja, yakanguruma, yakaanza kutoka.

Kimbunga kilifika saa sita na robo. Walikaa koridoni, ambako hapakuwa na dirisha, kama mstari wa kumi na mbili ulivyoagiza: Bibi juu ya godoro, Fundi Saa na debe la vyeti katikati ya magoti, Binti na Shangazi wameegemea kuta mbili zinazotazamana. Kuku walilalamika bafuni. Mabati manne ya jikoni yaling'oka kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingine ya paa ilishika. Baada ya saa mbili upepo ulikatika ghafla, pakawa na ukimya na mwanga wa jua chini ya mlango, na Fundi Saa akainuka ili akatazame.

"Kaa!" walisema Binti na Shangazi kwa sauti moja. Huo ulikuwa mstari wa kumi na tatu.

Akakaa. Upepo ukarudi kutoka upande wa pili.

Siku ya pili majirani walitoka kuhesabu hasara zao. Nyumba tatu za mtaa ule ziliingiliwa na maji mpaka madirishani. Kwa kina Shangazi yalikuwa yamefika kizingitini tu, yakakuta mashuka. Bibi aliwekewa kiti mbele ya nyumba, na kila aliyepita alisimuliwa.

"Ni marehemu mkwe wangu aliyetuokoa," alisema. "Alikuwa na akili, yule! Amelala zake kaburini, na bado analinda nyumba."

Shangazi alikuwa uani akikamua mashuka. Alisikia mara ya kwanza, ya tatu na ya saba. Fundi Saa alimkuta anakamua shuka ambalo halikuwa na tone.

"Mbona umenuna, mke wangu? Tumepona wote."

"Nimevunja karo langu kwa mikono yangu. Mashuka yangu ya ndoa yamekuwa matambara. Na pongezi zinakwenda makaburini."

"Sasa unamwonea wivu hata marehemu?"

"Hata!" alisema. "Hasa."

Fundi Saa alishika ncha nyingine ya shuka ili amsaidie. Alilishika vibaya. Shangazi alimwacha alishike.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile wivu ulimtoka, lakini sikupewa habari hizo. Binti hakuongea naye kwa muda wa mwezi mzima, akaona ni haki yake, na Shangazi hakumpinga. Kisha Alhamisi moja msichana alikuja hospitalini baada ya masomo, akasimama mwisho wa meza ya kukunjia.

"Mama mdogo," alisema, "niambie tena ule wa tisa. Kama alivyouandika."

Shangazi alimwambia. Alhamisi iliyofuata Binti alitaka wa tano, na namna neno lilivyorudiwa mara mbili. Akawa anakuja kila Alhamisi, anashika ncha za shuka, anauliza, naye anajibiwa. Mama yake alikuwa ameacha maandishi machache sana, makopo matatu na orodha ile, na sasa orodha ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha mwanamke aliyeipaka rangi. Wenzake wa kufulia walidhani wanafundishana nyimbo. Shangazi alipata alichokuwa akikitaka tangu siku aliyoingia na sanduku lake: msichana alimtafuta, alimngoja, alimsikiliza kwa macho. Alikipata kwa kugeuka kuwa mdomo wa mwanamke mwingine. Aliniambia hilo mara moja tu, na aliponiambia alikuwa akipiga pasi, na aliipitisha pasi mahali pamoja muda mrefu mno, mpaka nguo ikatoa harufu.

Karo jipya lilijengwa kona nyingine. Orodha haikuandikwa tena mlangoni. Mlango ulibaki kijani. Bibi alifariki, kisha miaka mingi baadaye Fundi Saa naye, kwa utulivu, kama saa isiyotiwa ufunguo. Shangazi alistaafu, akaendelea kuishi katika nyumba ile peke yake. Binti aliolewa, akawa muuguzi mkuu katika mji wa mwinuko ambako maji hayafiki, na hakuacha kumpigia simu siku za Alhamisi.

Kimbunga cha mwaka juzi kilimkuta Shangazi akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Siku ya pili yake majirani walimkuta ameketi kitini koridoni, amekwisha kufariki. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka. Nyumba ilikuwa kavu. Jambo la mwisho ambalo mtu yeyote alimwona akilifanya lilikuwa asubuhi ya siku ya kimbunga, na Binti mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Alifika kwa gari saa tatu, akamkuta Shangazi amekwisha kumaliza kila kitu tangu jana yake.

"Mama mdogo, panda twende."

"Mama mkwe wako bado anakaa kwako?"

"Anakaa."

"Chumba kipi?"

"Cha mbele. Kwa nini?"

"Basi hakuna nafasi."

"Mama mdogo, kuna vyumba vinne!"

"Sikusema vyumba."

Binti alibembeleza, akagomba, akabembeleza tena. Shangazi aliingia sebuleni, akaitungua picha kubwa ya Marehemu, iliyokaa ukutani tangu kabla yeye hajaolewa, akaiweka mezani. Aliifunika kwa shuka kavu, akalikunja pembe kwa pembe, juu yake akazungusha turubai, akafunga kamba. Aliibeba mwenyewe mpaka garini, akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda.

"Mchukue mamako," alisema. "Akae kwako."

Kisha aliingia ndani, akaweka komeo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.